Na Rula Yenyewe Imepinda

Tarehe 2 Mei

Kwako mdogo wangu,

Salamu nyingi, na shukrani kwa Mungu ambaye bado anatuamsha. Simu yako haishiki tangu mpelekwe huko juu kwenye mtambo, kwa hiyo nimemwomba dereva wa lori la mafuta akuletee karatasi hii. Anasema hupanda anapotumwa, hana siku maalumu. Basi itafika itakapofika.

Nina shida ndogo na najua utacheka. Ile skrini ya chogo uliyotuachia ulipofunga duka, pamoja na kile kimashine cha michezo, imeharibika picha. Shemeji yako anasema matofali yamepinda katikati. Unaukumbuka ule mchezo, ukuta wa matofali juu, kibao chini, na mpira unaodunda kati yake. Tena kuna doa la kijani pembeni, kama nguo iliyofuliwa na kitambaa kinachochuja.

Utasema, dada, umri huu wa kulilia mchezo? Ngoja nikueleze. Tangu binti yetu aolewe, nyumba hii imekuwa kubwa kuliko sisi. Mchana kutwa shemeji yako yuko kwenye cherehani, mimi niko kwenye pasi na matundu ya vifungo, na maneno yetu ni "nipe" na "shika". Jioni kazi ikishakunjwa ndipo anawasha. Mimi nikikosa mpira ananiita golikipa wa harusini, eti nashika kila kitu isipokuwa mpira. Hapo ndipo ninapomsikia akicheka, mdogo wangu. Siku nzima nasubiri hapo.

Sasa anawasha, anatazama kidogo, anazima. Anasema amechoka. Na mimi nimechoka, lakini nilikuwa nachoka nikiwa na pa kutua.

Watu wanasema tutupe, tununue skrini bapa. Amekataa. Anasema kimashine kile ukikiweka kwenye bapa, picha inakuwa kama suruali ya mtu mwingine, unaivaa lakini haikukubali.

Niambie nifanye nini. Mikono ninayo, akili utanikopesha wewe.

Ni mimi dada yako,
mgongo unauma lakini moyo uko salama.

*

Tarehe 11 Mei

Dada mpendwa,

Barua yako imenikuta nimekaa juu ya pipa, masikio yamejaa mngurumo. Huku jenereta haizimwi. Hata nikilala naisikia, na siku ikizimwa kwa matengenezo watu wote tunaamka tukidhani kuna msiba. Nimesoma habari za golikipa wa harusini nikacheka peke yangu, mpishi akaniuliza kama nina homa.

Kwanza kabisa, usifungue nyuma. Narudia, dada, usifungue chogo. Hata ukichomoa waya ukutani, umeme hulala humo ndani kama paka kwenye kapu la nguo, ukitia mkono unajua yumo. Wala shemeji asifungue. Ninamjua, mtu wa mkasi huyo, akiona skrubu anawashwa.

Sasa sikiliza. Picha ya skrini hizi huchorwa kwa mwale, na mwale huo huongozwa kwa sumaku zilizomo ndani. Sumaku nyingine ikisogea karibu, mwale unadanganyika njia. Hilo doa la kijani ndilo linanionyesha. Angalia pembeni yake na juu yake. Kuna spika? Kuna kitu chochote cha sumaku? Ukikiona, kiondoe, halafu zima, iache ipoe vizuri ndipo uwashe. Utasikia inasema "dung" na picha inatikisika. Usiogope, ndiyo inajisafisha. Rudia siku mbili tatu, doa litaondoka.

Mwambie shemeji kwamba chogo la skrini linatibika, la kwake aende nalo hivyohivyo.

Mdogo wako,
Fundi Chogo, kama mnavyoniita msipokuwa na adabu.

*

Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Mungu akupe maisha. Ni sumaku. Na unajua ni ipi? Ile ya kuokotea pini. Shemeji yako siku hizi akidondosha pini haiinamii, anapitisha sumaku sakafuni mpaka ijae kama nungunungu, halafu anaiweka juu ya skrini maana ndipo pako karibu na mkono. Nilipoiondoa nilimwangalia tu. Akasema, "Usinitazame hivyo, hata nabii angeiweka hapo."

Nimefanya ulivyosema. Ikalia "dung," nikashtuka hata hivyo. Doa limefifia, jana likaisha kabisa. Rangi zimerudi kama siku uliyotuletea.

Lakini yeye anasema bado matofali yamepinda. Nimeangalia mimi, naona kingo kidogo zimeingia ndani, kitu cha kawaida kwa skrini ile. Yeye anasema hapana, si kingo, ni katikati. Anasema mstari unafika katikati unavutwa, kama pindo lililoshikwa na uzi mmoja uliokazwa. Nikamwambia mimi sioni. Akaizima, akaenda kulala. 

Siku haziko sawa hapa. Mama mmoja amerudisha suruali ya mwanawe, pindo limekwenda upogo. Shemeji yako ameilaumu cherehani, tukamwita fundi wa cherehani, akaipaka mafuta akasema haina kitu. Mimi nililifumua pindo nikalishona upya nikiwa nimekaa kitandani. Sikumwambia. Sare za shule zinakaribia, na mtu akiwa na kiburi cha mkono wake, unamwachia.

Namwombea. Nakuombea na wewe huko kwenye kelele.

Dada yako.

*

Tarehe 29 Mei

Dada,

Pole na kazi, na umpe pole shemeji. Sumaku ya pini! Katika maisha yangu ya ufundi nimeona mengi, hiyo sijaiona.

Kama doa limetoka na mistari bado inapinda, tuingie kwenye vifundo. Chini ya kioo, mbele, kuna kifuniko kidogo, kibonyeze kitafunguka. Ndani utaona vifundo. Cha kwanza ni upana, cha pili urefu. Cha tatu kimechorwa mraba uliobanwa mbavu. Hicho mimi nakiita kiuno. Ukikizungusha huku, picha inabanwa kama gauni la bibi harusi. Ukikizungusha kule, inatoa tumbo kama mimi hapa kwa mpishi huyu. Katikati ya hapo ndipo penye haki.

Washa mchezo, usimamishe ukuta wa matofali ukiwa mzima. Chukua ile rula ya chuma ya shemeji, ilaze juu ya kioo kwenye mstari wa matofali. Mstari ukifuata rula, acha. Ukiikimbia, zungusha taratibu. Na usiamini macho, ya kwako wala ya kwake. Macho yana huruma, macho huzoea. Rula haina shemeji.

Nimechoka leo, nitaandika zaidi siku nyingine.

Fundi Chogo.

*

Tarehe 9 Juni

Mdogo wangu,

Kazi imekwisha, tumshukuru Mungu, na nikueleze ilivyokuwa maana imetuchekesha.

Tulikaa mbele ya skrini wote wawili, mimi chini nazungusha vifundo, yeye kwenye stuli akiwa hakimu. Nikailaza rula kwenye mstari. Mdogo wangu, mstari na rula vilikaa kama nyuzi mbili za mshono mmoja. Hata wembe usingepita. Nikamwambia, "Unaona? Imenyooka." Akainama, akatazama, akatazama tena, akasema, "Basi na rula yenyewe imepinda."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Rula ya chuma aliyoachiwa na mwalimu wake, aliyokatia nguo za nusu ya mji huu, leo imepinda! Na yeye akacheka, lakini alianza baada yangu.

Nikasema basi, mteja ni mfalme. Nikaiweka rula pembeni, nikazungusha kiuno taratibu, nikimwuliza, hapa? Hapana. Hapa? Bado. Mwishowe akasema, "Hapo. Acha hapo. Imenyooka, asante." Akaniwekea mkono begani.

Sasa nikuambie siri. Kwangu mimi, hapo alipopaita sawa, ukuta umebanwa kiuno kama nyigu. Lakini alipouliza, "Na wewe unaionaje?" nikajibu imenyooka kama alivyosema. Kama kwake imenyooka, basi na inyooke. Mke wa mtu hapiganii matofali.

Mengine ni ya kawaida. Siku hizi chaki ananipa mimi nichore, anasema mgongo. Mimi mwenye mgongo ndiye ninayeinama, lakini sisemi. Juzi alimwaga chai pembeni ya kikombe, akasema meza yetu imelala. Nimeweka karatasi chini ya mguu wa meza.

Asante, mdogo wangu. Sitakusumbua tena na skrini.

Dada yako.

*

Tarehe 15 Juni

Dada,

Barua yako nimeisoma nikicheka, halafu nikairudia, na sikucheka tena.

Achana na skrini. Skrini ilikuwa nzima tangu mlipoondoa sumaku. Rula haijapinda. Meza haijalala.

Fanya hivi leo, usingoje kesho. Mwambie shemeji asimame mbele ya mlango, atazame mhimili wa pembeni wa fremu. Afumbe jicho moja kwa kiganja, atazame. Halafu afumbe lingine. Umwulize kama mlango umenyooka kwa yote mawili. Kwa jicho moja utanyooka. Kwa lingine, dada, naogopa atakuambia umepinda katikati.

Hapa kulikuwa na mtunza ghala aliyeona nguzo za uzio zikijikunja. Akasema ni joto. Akasema ni miwani. Alipokwenda kwa daktari wa macho, jicho lile lilikuwa limekwisha, penye katikati pamebaki giza. Daktari alimwambia angewahi, wangelizuia.

Mpeleke hospitali ya macho. Si kwa muuza miwani. Hospitali. Hata akisema mgongo, hata akisema sare.

Nisamehe, mimi ndiye niliyekuambia usiamini macho, halafu mwenyewe nikakaa kuhangaika na vifundo.

Mdogo wako.

*

Tarehe 24 Juni

Mdogo wangu,

Kimya kimezidi. Wanasema mvua imekata barabara na lori lenu limekwama ng'ambo ya daraja. Nimeandika hii iwe tayari, nitampa dereva akitokea.

Shemeji yako hawashi tena. Nilimwambia, "Njoo basi, golikipa anakungoja." Akasema mchezo umemchosha, ni wa watoto. Skrini tumeifunika kitambaa cha meza. Naipita kama mtu anayepita nyumba aliyoihama.

Na kazini kumetokea jambo. Alikata mikono ya mashati ya shule, robota zima, na mikono yote imetoka na mawimbi kwenye bega. Alikaa akaishika mmoja mmoja kwa vidole, hatazami, anapapasa tu. Nikamwambia ni kitambaa, kitambaa cha siku hizi kinateleza. Akasema, "Ndiyo, ni kitambaa." Tunaafikiana sana siku hizi. Hatujawahi kuafikiana hivi, na inanichosha kuliko ugomvi.

Nikipiga magoti namwambia Mungu, kama ni mimi nimemkosea mume wangu, nionyeshe. Sijaonyeshwa kitu.

Andika hata mistari miwili.

Dada yako.

*

Tarehe 27 Juni

Kwa shemeji yangu, fundi,

Salamu. Usishangae mwandiko, na usishangae mistari kushuka kilimani.

Lori limepita leo, dada yako akiwa kwenye maombi ya wanawake. Dereva akanipa mimi bahasha, na mimi nikaifungua, maana nilidhani ni ya skrini. Nimeisoma mpaka mwisho. Pale uliposema nifumbe jicho moja, nilikuwa nimeshalifumba. Siku hizi sisomi kwa namna nyingine.

Basi unajua. Ni jicho la kushoto. Lilianza na sindano. Uzi nautia kwenye tundu, tundu linahama. Halafu pindo, halafu mlango, halafu uso wa dada yako, shemeji, upande mmoja wa uso wake unaingia ndani kama umebonyezwa. Skrini niliishitaki kwa sababu haina mdomo wa kujitetea.

Siku ile ya vifundo nilimwona amekaa chini sakafuni, shingo imepinda, anauliza hapa, hapa, na mgongo ule. Nikasema hapo. Palikuwa pamepinda kama pengine pote.

Nina ombi, mtu mzima kwa mtu mzima. Mwandikie kwamba skrini imekufa, haina dawa, aache kuhangaika. Mimi acha nimalizie sare. Fundi nguo akijulikana haoni, hata vifungo havimjii. Sare zikiisha nitakwenda hospitali mwenyewe, kimya kimya. Dada yako amechoka. Nisimwongezee mtu wa kuongozwa mkono.

Barua yako naitunza mimi. Dereva akigeuza nitampa hii, pamoja na ile aliyokuandikia dada yako ikamngoja lori.

Shemeji yako.

*

Tarehe 3 Julai

Shemeji,

Nimekaa na barua yako mpaka mpishi akaninyang'anya sahani.

Siwezi. Nimewahi kudanganya wateja kwamba kipuri kiko njiani, lakini hili siwezi. Zile siku za sare unazoomba ndizo mtunza ghala wetu alizoomba.

Unasema usimwongezee mzigo. Shemeji, huo mzigo ameshaubeba, ila hajui ni wa nini. Anafumua mapindo yako akiwa kitandani anayashona upya. Ameweka karatasi chini ya mguu wa meza. Anamwuliza Mungu amekukosea nini. Mimi nimeambiwa kwa siri na ninakuvujishia, nitagombezwa, sijali.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, imefungwa, ni ya dada, maneno ni yaleyale. Sikumwambia dereva ampe yeye. Nimekupa wewe, umpe wewe. Lori likirudi bila mwandiko wake, nitaomba ruhusa na nitashuka nalo, kazi na ibaki.

Nilisema rula haina shemeji. Ni kweli, haina. Mimi ninaye mmoja tu.

Mdogo wa mkeo.

*

Tarehe 22 Julai

Mdogo wangu,

Utanisamehe kuchelewa. Ule mstari mmoja niliompa dereva, "tunakwenda hospitali, tuombee," nadhani uliupata.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa napiga pasi. Akaja akaiweka bahasha yako juu ya ubao, karibu nichome. Akasema, "Nisomee kwa sauti. Kwangu inapinda." Nikasoma. Nilipofika kwenye mlango nikaacha kusoma, nikamtazama. Akafumba jicho la kulia kwa kiganja, akautazama mlango wetu, akasema, "Umepinda, mama. Siku nyingi." Kisha pasi ikaanza kunuka na tukakimbilia pasi, mashati ya watu yale. Hatukulia. Nadhani tulikuwa tumechoka mno hata kwa hilo. Tulikaa tu kwenye benchi la kukatia, bega kwa bega, mpaka chai ikapoa.

Hospitali tulikaa foleni kutwa. Daktari ni dada mdogo, mpole. Akampa kadi yenye miraba, amwonyeshe inapopindia. Shemeji yako akasema, "Ukuta huu naufahamu, mna mpira wake?" Daktari hakuelewa, mimi nikaona aibu na nikafurahi palepale.

Kuna mishipa midogo imeota nyuma ya jicho la kushoto, inavuja. Wanamchoma sindano jichoni, ndiyo, jichoni, na anakwenda tena kila wanapomwita. Nilimshika mkono, akaubana mpaka pete ikaniuma. Daktari hakutupamba kwa maneno. Kilichopinda huenda kisinyooke. Wanachopigania ni kisizidi. Akasema tumechelewa, lakini si sana. Lile la kulia ni zima, na kila asubuhi anatakiwa kulijaribu kwa ile kadi.

Kazini tumegawana. Mimi nakata, yeye anashona. Amejishonea kibandiko cha jicho kwa kitambaa cha sare, na watoto wanaokuja kupimwa wanamwita kapteni. Wateja wengine wamehama. Waliobaki wanamletea kazi kama kawaida, wengine wanatazama pindo mara mbili, naona, na yeye anaona. Tunaendelea. Sitakudanganya kwamba nimepumzika.

Kuhusu kunifunulia siri zangu kwa mume wangu, hilo tutaongea ukishuka, na uje na sababu.

Sasa nikuambie la mwisho. Juzi jioni alitoa mwenyewe kile kitambaa cha meza juu ya skrini. Akasema, "Turudishe haki yake, tuliisingizia." Nikakaa chini, nikafungua kifuniko. Yeye akailaza rula kwenye matofali, mimi nikazungusha kiuno, huku, kule, mpaka mstari ukaja ukalala kwenye rula. Nikamwuliza kama zamani, "Imenyooka?"

Akafumba la kushoto, akasema, "Imenyooka."

Akafumba la kulia. "Imepinda."

Halafu akaniuliza, "Na wewe?"

Nikamwambia naiona imenyooka. Akasema, "Haya, shika kibao, golikipa."

Dada yako.